Jengo, mtaa au kiwanda kizima: uchague mradi gani wa kuhitimu usanifu ukiwa Ugiriki

Kila ikifika mwezi wa kumi meseji zinaanza. "Dada shikamoo, naingia mwaka wa tano, profesa anataka mada wiki ijayo, nimekwama kati ya kukarabati jengo la zamani na kufufua eneo la mji, wewe ungechukua lipi?" Nilikuwa namjibu mmoja mmoja kwa voisi ndefu mpaka koo likakauka, sasa naandika mara moja tu, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwa asiyejua, shule za usanifu za Ugiriki ni miaka mitano, iwe Metsovio pale Athens, Aristotelio ya Thessaloniki au zile za Patras, Volos, Xanthi, Chania na Ioannina, na mwishoni kuna kazi moja kubwa wanaiita diplomatiki, unasimama mbele ya jopo na makaratasi yako ukutani unaitetea. Nchi imejaa nyumba zilizofungwa milango, viwanda vilivyokufa na mitaa inayogombaniwa, kwa hiyo mada hazikosekani, zinakuwa nyingi mpaka mtu anachanganyikiwa.

Nimechukua mifano mitatu ya kweli, kila mmoja na saizi yake. Nyumba moja ya Ano Poli, mji wa juu wa Thessaloniki. Prosfygika, yani nyumba za wakimbizi, za barabara ya Alexandras, Athens, huo ni mtaa. Na ardhi ya kiwanda cha zamani cha mbolea Drapetsona, jirani na Piraeus, hilo ni eneo zima.

Ninavyopima

Cha kwanza kabisa ni ufunguo: nani anaweza kukufungulia mlango, na atakufungulia mara ngapi, maana mara moja haitoshi. Halafu makaratasi, yani michoro ya zamani, ramani, sheria zinazoligusa eneo, yako wapi na yako kwa lugha gani. Halafu skeli, yani mchoro umepunguzwa mara ngapi kuliko kitu chenyewe, utatumia miezi yako kuchora nini hasa, kona ya dirisha kwa 1:5 au barabara kwa 1:2000, hizi ni kazi mbili tofauti na tabia mbili tofauti za mtu. Mwisho watu, wanaoishi pale na waliowahi kuishi, na Kigiriki chako kinafika wapi.

Uzuri sijauweka kwenye vigezo, na nina sababu. Mimi nilichagua jengo langu la kwanza kwa sababu jua la jioni lilikuwa linaligonga vizuri, nikapiga picha, nikaanza kubuni. Wiki sita namtafuta mwenye ufunguo. Siku nimeingia nikakuta sakafu ya juu ilishaanguka zamani, nusu ya michoro yangu ilikuwa ya vyumba ambavyo havipo. Nikaanza upya mwezi wa pili, wenzangu wako kwenye modeli.

Nyumba moja: Ano Poli, Thessaloniki

Moto wa Agosti 1917 uliteketeza katikati ya Thessaloniki, watu zaidi ya 70,000 wakabaki bila makazi, na mji wa chini ukachorwa upya na timu iliyoongozwa na Mfaransa Ernest Hébrard, ndiyo maana uwanja wa Aristotelous umenyooka kama rula. Mji wa juu ulinusurika. Huko bado kuna vichochoro na nyumba za enzi ya Waosmani, na kuta za ngome juu kabisa na ngome ya Eptapyrgio ambayo ilikuwa jela mpaka 1989. Waislamu waliokuwa wakikaa huko waliondoka kwenye mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki ya 1923, wakaingia wakimbizi wa Kigiriki kutoka Asia Ndogo, upande wa Uturuki ya leo, wengine wakajenga vijumba vimeegemea ukuta wa ngome kabisa.

Ufunguo. Hapa ndipo wengi wanafia. Nyumba imeandikwa jina la marehemu, warithi ni saba au tisa, hisa hazijagawanywa, mmoja yuko Stuttgart, mwingine Melbourne, na wawili hawaongei tangu msiba. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu hadithi hii anaijua bila kusimuliwa. Dawa ni kuchagua nyumba ya manispaa au ya taasisi, hata kama si nzuri sana, au kumpata mrithi mmoja anayeishi palepale na kumfanya rafiki kweli, si kwa meseji, unaenda unakunywa naye kahawa.

Makaratasi. Kwa sheria ya mambo ya kale ya 2002, namba 3028, chochote cha mpaka mwaka 1830 ni kumbukumbu ya kale inayolindwa moja kwa moja, vya baada ya hapo vinalindwa vikitangazwa, na Ano Poli yenyewe kama makazi ya jadi ina masharti yake ya urefu, paa na sura ya nje. Mwanafunzi huombi kibali, lakini jopo litakuuliza kana kwamba unaomba. Vibali vya zamani viko poleodomia, ofisi ya mipango miji, kwa Kigiriki, na nyumba nyingi hazikuwahi kuwa na mchoro wowote, kwa hiyo mchoro wa kwanza wa jengo hilo duniani unaweza kuwa wa kwako.

Skeli. Hapa utaishi kwenye 1:50 na 1:20 na kushuka mpaka 1:5, na kama hupendi kujua kitu kimeshikaje kitu basi usije. Ghorofa ya chini ni mawe, na ndani ya mawe wamelaza mbao kwa mlalo kila baada ya kimo fulani, wanaita xylodesies, kazi yake kuufunga ukuta usipasuke tetemeko likija. Ghorofa ya juu ni fremu ya mbao iliyojazwa au kupigiliwa fito na kupakwa plasta, inaitwa tsatmas, nyepesi, inayumba bila kuvunjika, na kutoka hapo inajitokeza sachnisi, kile chumba chenye madirisha kinachoning'inia juu ya kichochoro. Plasta ni ya chokaa. Penye maji maji, kama hamamu, utakuta kourasani, chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa.

Sasa kosa la kwanza la kila mtu ni saruji. Ukipaka saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa unyevu unakosa pa kutokea, unapanda ndani kwa ndani, chumvi inatoka, mbao zilizolazwa mle zinaoza kimyakimya na ule ukanda uliokuwa unaufunga ukuta hauko tena, ila wewe kwa nje unaona ukuta mweupe umependeza. Kwetu pwani kuta za matumbawe na boriti za mikoko zinakufa kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo anayetoka huko ana kitu cha kusema mbele ya jopo ambacho mwenzake wa Athens hana, kitumie.

La pili ni tetemeko. Thessaloniki ilipigwa tarehe 20 Juni 1978, kama 6.5, na swali la "umeimarishaje" halikosekani. Ukijibu "nimeweka zege ndani" watakuuliza kama inaweza kutolewa kesho bila kuumiza jengo. Wana sababu, mwanzoni mwa karne iliyopita Nikolaos Balanos alifunga mawe ya Akropoli kwa chuma, chuma kikashika kutu, kikavimba, marumaru ikapasuka, na kamati iliyoundwa 1975 imekuwa ikitoa vile vyuma na kuweka titani. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kanuni za kimataifa za kuhifadhi majengo ya kale, usome wote, ni mfupi.

La tatu linaniudhi mimi binafsi. Tembea Ano Poli uone nyumba za zege tupu zilizovalishwa sachnisi kama kinyago, kwa mbali unasema ya zamani, ukigonga unasikia tofali la tundu. Mradi wako ukiishia hapo umechora gauni.

Watu. Wachache, na wengi wazee. Bibi wa jirani wanamwita yiayia (si yaya, usicheke mbele yake) na yeye anajua kilipokuwa kisima, nani alibomoa ukuta na mwaka gani, ila hataongea Kiingereza.

Inamfaa nani. Mwenye subira ya vipimo, mwenye mkono wa kuchora mkato (jengo kama limekatwa kwa kisu), anayetaka kufanya kazi ya uhifadhi baadaye. Kazi yenyewe ina soko pia: tangu 2024 kiwango cha uwekezaji cha viza ya dhahabu, kibali cha kuishi kwa mgeni anayenunua mali, kwa Attica (mkoa wa Athens), Thessaloniki na visiwa vikubwa kimepanda mpaka euro 800,000, lakini anayerejesha jengo linalolindwa bado anaingia kwa 250,000, kwa hiyo matajiri wanatafuta wasanifu wanaojua mawe. Kama hilo ni jambo jema kwa mtaa ni mjadala mwingine, na jopo linaweza kuuanzisha.

Mtaa mmoja: Prosfygika za Alexandras, Athens

Majengo manane yamesimama sambamba kama askari, flati 228, yalijengwa kati ya 1933 na 1936 kwa ajili ya wakimbizi wa Asia Ndogo, wasanifu ni Kimon Laskaris na Dimitris Kyriakos. Hakuna urembo hata kidogo, mistari tu na madirisha, na ukisogea karibu unaona matundu ya risasi za Desemba 1944, Waingereza na vikosi vya serikali upande mmoja, wapiganaji wa mrengo wa kushoto upande wa pili. Upande huu yamepakana na makao makuu ya polisi, upande ule mahakama ya juu kabisa, mbele ni uwanja wa timu ya mpira ya Panathinaikos. Kabla ya Olimpiki ya 2004 yalikuwa yabomolewe paoteshwe bustani, watu wakapinga, wasanifu wengi wakiwemo, na baadaye yakawekwa chini ya ulinzi. Flati 177 zilishanunuliwa na serikali, 51 zikabaki kwa wenyewe.

Ufunguo. Hauko kwa mmoja. Kuna familia za asili, kuna watu walioingia flati tupu bila hati na wameishi zaidi ya miaka kumi wakijiongoza kwa mikutano, kuna wahamiaji. Unaenda unajitambulisha, unaeleza, unasubiri wakae wajadili, wanaweza kukataa. Usiingie na kamera shingoni na droni ndiyo usahau kabisa, polisi wako jirani na wakaazi wameshaona msako. Ukikubaliwa utaona ndani, usipokubaliwa unafanya mradi kwa flati aina moja unayoijua kutoka kwenye michoro, inawezekana kwa sababu zinajirudia.

Makaratasi. Mengi kuliko kawaida, ugomvi wa kubomoa ulizaa tafiti, michoro na maandiko ya kutosha, utapata kwenye maktaba za vyuo. Shida utakayokuwa nayo ni kuchuja, maana kila mtu ana msimamo.

Skeli. Katikati, 1:200 mpaka 1:20. Uzuri wake ni kwamba uamuzi mmoja unajirudia mara mia mbili, kwa hiyo ukikosea umekosea mara mia mbili. Chukua mfano wa joto na baridi tu. Ugiriki njia rahisi ya kupunguza bili ni kuvalisha ukuta foamu kwa nje, lakini hapa ukivalisha umefuta matundu ya risasi na ile mistari myembamba ya madirisha ambayo ndiyo usanifu wenyewe. Ukiweka kwa ndani unakula sentimita za chumba ambacho tayari ni kidogo, na ukuta ukikutana na sakafu unabaki na mahali baridi panapotoa jasho na ukungu. Huna jibu safi. Mimi nadhani swali hili peke yake linatosha mradi mzima, sijui kwa nini watu wanakimbilia kuchora mkahawa chini na maktaba juu.

Halafu kuna kuunganisha flati mbili kuwa moja, ngazi kwa wazee, paa, nafasi kati ya jengo na jengo ambayo sasa ni miti na magari.

Watu. Ndio mradi. Swali la jopo halitakuwa "umetumia material gani", litakuwa "nani anabaki?" Ugiriki haina nyumba za kijamii za kuzungumzia, shirika lililokuwa linajenga nyumba za wafanyakazi, OEK, lilifutwa 2012 kipindi cha madeni, kwa hiyo ukisema "nyumba za bei nafuu" jiandae kusema nani ataziendesha, nani atalipa lifti ikiharibika. Kuna siasa kali pande zote na kujifanya huna upande hakusaidii, wanakuona.

Inamfaa nani. Anayeweza kukaa na watu bila haraka, anayependa nyumba za kuishi kuliko majengo ya kumbukumbu. Haimfai anayetaka mradi wa amani.

Eneo zima: kiwanda cha mbolea, Drapetsona

Kilianza 1909, kikafungwa 1999, sehemu kubwa ikabomolewa, pamebaki jengo la kiwanda cha vioo, bomba la moshi, na ufukwe mrefu ambao watu wa mtaa walizuiwa kuufikia karibu karne nzima. Ukisimama pale meli za Piraeus zinapita mbele yako, nyuma yako kuna mtaa uliojaa kumbukumbu ya vibanda vya wakimbizi vilivyobomolewa 1960.

Ufunguo. Rahisi kuliko yote, sehemu imeshakuwa bustani ya wazi, panda basi kutoka Piraeus uingie. Sehemu nyingine ziko nyuma ya uzio, na utaziona kwa juu tu.

Makaratasi. Hapa ndio kazi. Ardhi ni viraka, kuna benki, kuna kampuni ya saruji, kuna mafuta, kuna umma, na kila kiraka kina historia ya mipango iliyotangazwa ikakwama. Baraza la Serikali, mahakama yao ya utawala, hufuta mipango miji pale inapokiuka mazingira, kwa hiyo soma hukumu, si ramani tu. Kwa bahati data nyingi unazipata ukiwa kitandani: picha za angani za 1945 mpaka 1960 ziko kwenye tovuti ya Ktimatologio, rejista ya ardhi, sensa iko ELSTAT, shirika la takwimu. Udongo nao ni wa kiwanda cha mbolea, usipande mboga kwenye rendaringi, ile picha ya kompyuta ya mradi, bila kusema umeusafishaje.

Skeli. 1:5000, 1:2000, 1:500, na lile jengo la kiwanda cha vioo ukipenda ushuke mpaka 1:100. Wagiriki wanahesabu kwa stremma, ni mita za mraba 1,000, zoea mapema. Hatari ya skeli hii ni kwamba karatasi inakubali kila kitu: njia ya baiskeli, makumbusho, hoteli, miti mia nne, watoto na baluni. Kilicho kigumu ni mpangilio wa muda, nini kinajengwa mwaka wa kwanza na kina faida hata kama mengine yote yasijengwe. Uwanja wa ndege wa zamani wa Athens, Elliniko, ulifungwa 2001 ukakaa miaka na miaka kabla ya tingatinga kuingia, kwa hiyo hakuna jopo la Kigiriki litakaloamini "awamu ya kwanza miaka miwili". Mifano ya kujifunzia iko karibu: kiwanda cha gesi cha Gazi, Athens, kilianza 1857 kikazimwa 1984, kikafunguliwa kama kituo cha utamaduni cha Technopolis 1999, nenda uone mtaa unaozunguka ulivyogeuka baa tupu. Lavrio, majengo ya kuchakata madini ya Kampuni ya Kifaransa ya migodi, iko mikononi mwa Metsovio tangu 1992 na pale mashine hazikufichwa, mimi naipenda zaidi.

Watu. Wengi ila wako mbali kidogo na mchoro, vyama vya wakaazi, manispaa, wafanyakazi wa zamani. Kigiriki cha kusoma kinahitajika zaidi kuliko cha kuongea.

Inamfaa nani. Anayependa QGIS (programu ya ramani), hesabu na sheria, anayetaka kazi ya mipango miji akirudi Dar, Nairobi au popote penye bandari inayogombana na mji. Na inawafaa walio wawili au watatu, peke yako utazama.

Basi uko kwenye hali gani?

Umekuja kwa semesta moja ya Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi, na Kigiriki chako ni kalimera (habari za asubuhi) tu: chukua eneo, Drapetsona au lolote lenye lango wazi, au viwanja vya Maonyesho ya Thessaloniki vilivyo katikati ya mji ambavyo ubishi wake wa bustani dhidi ya kumbi unafuatilika hata kwa Kiingereza. Jengo la warithi tisa halitakusubiri.

Upo miaka yote mitano, unaongea, na nyumbani kuna nyumba ya bibi Mombasa au Unguja inadondoka plasta: Ano Poli, na nunua kipimo cha leza chako mwenyewe, cha chuo kila wiki kina mtu.

Unalala hujalala ukifikiria kodi za nyumba na nani anasukumwa nje ya mji: Prosfygika, ila kaongee nao kabla hujampelekea profesa mada, si baada.

Una profesa anayejua uhifadhi lakini wewe unapenda mji: usimlazimishe, tafuta jengo lililo kwenye eneo, kile kiwanda cha vioo cha Drapetsona kikiwa katikati na ufukwe ukizunguka, mnakutana njiani. Kinyume chake pia kinawezekana, mtu wa mji anaweza kusimamia Ano Poli kama kichochoro kizima badala ya nyumba.

Na kama mnatetea Oktoba, barua za kuomba kuingia na kuona makabrasha andikeni sasa hivi, kwa Kigiriki, mpeleke kwa mkono mkagongewe muhuri wa kupokelewa, maana Agosti ofisi zote hazina mtu, wako visiwani.